Namba Imetoka, Sasa Tuisomeje? Miaka Hamsini ya Ubishi wa Dadu

Kila aliyewahi kucheza ludo anaijua kesi ya sita tatu. Umerusha dadu ukapata sita, ukarusha tena ukapata sita, ukarusha ya tatu, sita tena. Hapo meza inagawanyika. Wapo wanaosema zote tatu zimeungua na zamu imekwisha. Wapo wanaosema imeungua ya tatu tu, mbili za mwanzo unatembea nazo. Na hakosekani mmoja, aghalabu mwenye ubao, anayesema hapa kwetu hakuna kuungua, endelea kurusha. Wote wameiona dadu ileile na hakuna anayekataa kwamba ni sita. Ubishi ni juu ya maana ya hiyo sita.

Kwenye ludo kesi hii huisha haraka, maana mchezo wenyewe ni mdogo na mwenye ubao ana nguvu zake. Lakini hebu fikiria mchezo ambao dadu zake zinaamua mambo mia: kama upanga umempata adui, kama kufuli imefunguka, kama mhusika wako amepona sumu au ndiyo basi tena. Kisha fikiria kwamba kitabu cha kanuni za mchezo huo kimeandikwa kwa namna ambayo watu wenye akili timamu wanakisoma na kutoka na majibu matatu tofauti. Ndivyo ilivyokuwa kwa Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka Marekani mwaka 1974 na kuanzisha aina nzima ya michezo ya uhusika ya mezani.

Kwa asiyeijua michezo hii, utaratibu wake ni rahisi kuueleza. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Kila mmoja anamwendesha mhusika wake, awe askari, mchawi au mwizi. Mmoja wao hana mhusika wa kwake. Yeye ni mwamuzi, na kazi yake ni kusimulia dunia wanamopita wenzake. Mchezaji anasema, "Naruka ule mtaro." Mwamuzi akiona jambo lenyewe linaweza kwenda huku au kule, dadu zinarushwa. Ni utambaji wa hadithi ambao mtambaji mwenyewe hajui mwisho wake.

Wengi huuchukulia utata wa kanuni hizi kama kasoro ya waandishi wasiokuwa makini. Makini haukuwapo, hilo kweli. Lakini ukiifuata historia yake utaona kwamba chini ya ubishi wa dadu kulikuwa na swali zito zaidi: nani ana haki ya kusema namba inamaanisha nini? Je, ni waliokaa mezani, aliyeandika kitabu, au kampuni inayokiuza?

Kabla ya mazimwi, wanajeshi

Swali hilo ni kubwa kuliko mchezo wenyewe kwa umri. Mwaka 1812 bwana mmoja wa Prussia, Georg Leopold von Reisswitz, alimpelekea mfalme wake mchezo wa vita wa mezani. Mwanawe, ofisa wa mizinga, akauboresha na kuuchapisha mwaka 1824. Ulichezwa juu ya ramani halisi za kipimo cha 1:8,000, na kila zamu ilihesabiwa kuwa dakika mbili za vita. Makamanda wa pande mbili waliandika amri zao kwenye karatasi na kumpa mwamuzi. Mwamuzi ndiye aliyesogeza vikosi, akarusha dadu zilizochorwa maalumu, na kutangaza wangapi wameanguka. Mkuu wa majeshi, von Müffling, aliupenda kiasi cha kuupendekeza kwa jeshi zima.

Tatizo likajitokeza kadiri miaka ilivyokwenda. Kanuni ziliongezeka, majedwali yakaongezeka, na maofisa wakawa wanatumia muda mwingi kufungua kurasa kuliko kufikiri vita. Tena hata jedwali refu namna gani haliwezi kutaja kila kitu. Kikosi kinavuka mto usiku, mvua inanyesha, farasi wamechoka. Jedwali lina mto, lina usiku, lakini halina vyote kwa pamoja. Mwaka 1876 Jenerali Julius von Verdy du Vernois akatoa jibu lake: achaneni na sehemu kubwa ya kanuni na dadu zake, mwachieni mwamuzi mzoefu aamue kwa akili na uzoefu wake. Huo ukaitwa mchezo huru wa vita, kinyume na ule uliofungwa na kanuni.

Kambi mbili zikazaliwa hapo, na hadi leo hazijapatana. Ya kwanza inasema kanuni zikamilike ili asionewe mtu. Ya pili inasema kanuni hazitakamilika kamwe, kwa hiyo tafuteni mtu wa kuaminika.

Uzi huu ulivuka bahari. Mwaka 1880 ofisa wa jeshi la Marekani, Charles Totten, alichapisha kitabu kiitwacho Strategos kilichotokana na mapokeo hayo. Karibu miaka tisini baadaye kijana wa Minnesota, David Wesely, alikikuta kitabu hicho kwenye maktaba ya chuo kikuu, akavutiwa na wazo la mwamuzi ambaye mchezaji anaweza kumwambia lolote analotaka kulijaribu. Mwaka 1969 aliandaa mchezo wa mji wa kubuni uitwao Braunstein, ambamo kila mchezaji alikuwa mtu mmoja mwenye malengo yake, badala ya kuwa kamanda wa jeshi. Mwenzake, Dave Arneson, alilichukua wazo hilo na kulipeleka kwenye nchi ya mahandaki na mazimwi aliyoiita Blackmoor. Hapo tayari tuna mchezo wa uhusika, ila ulikuwa kichwani mwa Arneson na kwenye daftari zake. Waliocheza naye walijua kanuni kwa sababu walikuwa naye. Mtu akiuliza, Arneson anajibu, mchezo unaendelea.

Ugumu ulianza pale ilipobidi kuyaandika hayo yote kwa ajili ya watu ambao Arneson hatakuwa mezani kwao.

Sanduku la 1974

Kazi ya kuandika ilimwangukia Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, mtu aliyewahi kufanya kazi ya kupima hatari katika kampuni ya bima na baadaye akajishikiza kwa kushona viatu. Mwezi Januari 1974 kampuni yao changa, TSR, ilitoa sanduku la dola 10 lenye vijitabu vitatu. Nakala zilikuwa 1,000, zilizopangwa kwa mikono. Dadu hazikuwamo, zilinunuliwa pembeni. Tena vijitabu vilidhani kwamba msomaji anacho kitabu kingine, Chainmail, cha kanuni za vita vya vinyago ambacho Gygax alikitoa na Jeff Perren mwaka 1971.

Tuchukue kanuni moja tu tuone. Kitabu kinatoa jedwali la dadu unazorusha kupata pointi za uhai za askari wako, yaani ni mapigo mangapi anaweza kuyavumilia kabla hajafa. Ngazi ya kwanza: dadu moja, ongeza 1. Ngazi ya pili: dadu mbili. Ngazi ya tatu: dadu tatu. Inaonekana haina neno. Lakini askari wako akipanda kutoka ngazi ya kwanza kwenda ya pili, unafanyaje? Unaitunza namba ya zamani na kuongeza dadu moja? Kama ndivyo, ile 1 ya nyongeza imekwenda wapi, maana kwenye ngazi ya pili haimo? Au unaifuta namba ya zamani na kurusha dadu mbili upya?

Fuata usomaji wa pili uone unakokupeleka. Askari wa ngazi ya kwanza mwenye bahati amepata 6 na nyongeza 1, jumla 7. Amepigana, ameponea chupuchupu, amepanda ngazi. Sasa anarusha dadu mbili upya. Kati ya matokeo 36 ya dadu mbili, 15 yana jumla iliyo chini ya 7. Kwa maneno mengine, ana nafasi ya zaidi ya asilimia 41 ya kupandishwa cheo na kudhoofika siku hiyohiyo. Kuna meza zilizoona huo ni upuuzi, zikaongeza dadu moja tu juu ya namba ya zamani. Nyingine zikarusha upya na kuchukua iliyo kubwa kati ya namba mbili. Nyingine zikarusha upya na kukubali yaliyotoka, kwa hoja kwamba bahati ya jana si ya leo. Hakuna aliyevunja kanuni, kwa sababu kitabu kilikaa kimya.

Mfano wa pili ni mdogo kwa sura, ila athari yake kubwa. Upanga wa kichawi unakupa nyongeza ya 1 katika kumpata adui. Moja juu ya nini? Chainmail ilitumia dadu mbili za kawaida kwa pambano la mtu na mtu. Vijitabu vya 1974 vilileta njia mbadala: dadu moja yenye nyuso 20. Kwenye dadu ya nyuso 20 kila uso una nafasi sawa, kwa hiyo nyongeza ya 1 ina thamani ya asilimia 5, hata uiweke wapi. Kwenye dadu mbili za nyuso sita mambo ni mengine, kwa kuwa namba za katikati hutoka mara nyingi kuliko za pembeni. Ukihitaji 8 au zaidi, nafasi yako ni 15 kati ya 36. Ukiongezewa 1, ukawa unahitaji 7 au zaidi, nafasi inakuwa 21 kati ya 36. Nyongeza ileile sasa ina thamani ya karibu asilimia 17. Upanga mmoja, maandishi yaleyale, na nguvu yake mara tatu na zaidi kutegemea umeshika dadu gani.

Hata dadu zenyewe zilihitaji kusomwa. Dadu za nyuso 20 za wakati ule nyingi ziliandikwa 0 hadi 9 mara mbili, kwa hiyo kupata namba za 1 hadi 20 ilibidi upake nusu ya nyuso rangi tofauti, au urushe dadu ya sita pembeni ikuambie kama uongeze kumi. Ukirusha mbili kutafuta asilimia, ilibidi mkubaliane kabla ipi ni makumi na ipi ni mamoja. Na zikitoka sifuri mbili? Hiyo ni mia, wala si sifuri. Asiyeambiwa mapema angeweza kusherehekea kabisa huku amekwisha.

Wanaosoma fasihi yetu ya zamani hali hii haiwashangazi. Anayehariri utenzi ulioandikwa kwa hati ya Kiarabu anajua jinsi herufi moja inavyoweza kusimama kwa *b* au kwa *p*, na ni yeye anayepaswa kuchagua neno kwa kuangalia maana na mizani. Maandishi yaliandikwa kwa ajili ya watu waliokwisha kujua yanavyosomwa. Vijitabu vya 1974 vilikuwa hivyohivyo: kumbukumbu za watu waliocheza pamoja, zikauzwa kwa wasiowahi kuonana nao.

Wasomaji wageuka waandishi

Mtu angetegemea mchezo wa namna hiyo ufe. Nakala 1,000 zikaisha, zikachapwa nyingine, zikaisha nazo. Na wasomaji waliokwama wakafanya jambo ambalo wanunuzi wa ludo hawakuwahi kulifanya kwa wingi huo: wakaanza kuandika.

Huko Phoenix, Arizona, Ken St. Andre alivisoma vijitabu akaona havieleweki, na zile dadu za maumbo ya ajabu hana. Mwaka 1975 akatoa mchezo wake, Tunnels & Trolls, unaotumia dadu za kawaida za nyuso sita tu. Mwaka huohuo wanafunzi wa Caltech, California, walichapisha kanuni zao zilizoitwa Warlock, zilizotokana na namna walivyojaza mapengo ya kitabu. Mwezi Juni 1975 Lee Gold wa Los Angeles akaanzisha Alarums & Excursions, chapisho ambalo kila mchangiaji alileta kurasa zake, zikakusanywa na kusambazwa kwa wote. Humo watu walibishana kurasa kwa kurasa: pigo muhimu lihesabiweje, nani aanze kupigana, mchawi akiguswa katikati ya uganga wake inakuwaje.

Hilo la nani aanze lina kisa chake. Vijitabu vya 1974 havikueleza kwa uwazi mpangilio wa matendo ndani ya raundi moja ya pambano. Huko California Steve Perrin alikusanya majibu ya meza yao katika waraka mfupi, akausambaza mwaka 1976 kwenye mkutano wa wachezaji. Ukajulikana kwa jina lake. Miaka miwili baadaye Perrin alikuwa kiongozi wa waandishi wa RuneQuest, mchezo mpya kabisa uliojengwa juu ya asilimia. Kwa hiyo pengo katika kitabu cha mtu mmoja lilizaa maelezo ya pembeni, na maelezo ya pembeni yakakua hadi kuwa kitabu kinachosimama chenyewe. Nani kasema ufafanuzi ni kazi ya mtumwa wa maandishi?

TSR nayo ilijaribu kurahisisha mambo. Eric Holmes, daktari na mtaalamu wa mishipa ya fahamu, alijitolea kuhariri kitabu cha wanaoanza, kikatoka mwaka 1977. Kinasomeka vizuri kuliko vya kwanza. Lakini humo mna kanuni mbili zilizokaa pamoja bila kusalimiana. Moja inasema silaha zote, kubwa kwa ndogo, zinaumiza kwa dadu moja ya sita. Nyingine inasema silaha nyepesi kama kisu hupiga mara mbili kwa raundi, na nzito kama upanga wa mikono miwili hupiga mara moja kila baada ya raundi. Piga hesabu. Wastani wa dadu ya sita ni 3.5. Kisu, kikipata kila pigo, kinatoa 7 kwa raundi. Upanga wa mikono miwili unatoa 1.75. Kisu cha kumenyea viazi kinamshinda jambia wa hadithi mara nne! Mchezaji anayesoma herufi atabeba visu. Mwamuzi anayesoma roho ya hadithi atasema haiwezekani, hii dunia ni ya mashujaa wenye mapanga. Ni nani kati yao anayekiheshimu kitabu?

Kitabu kinachotaka usomaji mmoja

Mwanzoni Gygax mwenyewe alikuwa upande wa meza. Mwishoni mwa vijitabu vya 1974 kuna maneno yanayowahimiza wasomaji waamue wanavyopenda yawe, wala wasingoje waandishi wawafikirie kila kitu. Barua zilipomiminika wakiuliza hili na lile, jibu lilikuwa hilohilo: amueni.

Ndani ya miaka michache msimamo ukageuka. Mwaka 1978 kikatoka kitabu cha wachezaji cha Advanced Dungeons & Dragons, na mwaka 1979 kikafuata cha waamuzi. Sasa Gygax alizungumzia usawa wa kanuni: mchezaji atoke meza moja aende nyingine akute mchezo uleule. Sababu ya wazi ilikuwa ya haki, na ilikuwa na uzito. Mashindano yalikuwa yameanza, na huwezi kushindanisha watu ambao kila mmoja anaisoma dadu kivyake.

Lakini kulikuwa na jambo jingine. Jalada la sanduku la 1974 lilibeba majina mawili, Gygax na Arneson, na Arneson alikuwa na haki ya mrabaha. Vitabu vipya vilikuwa na jina la Gygax peke yake, na msimamo wa kampuni ukawa kwamba huo ni mchezo mwingine. Mwaka 1979 Arneson alikwenda mahakamani, na mwaka 1981 pande mbili zikamalizana nje ya mahakama. Sasa lile swali la kama kanuni zilizofafanuliwa ni kanuni zilezile au ni mpya lilikuwa swali la pesa. Ukisema umefafanua tu, kitabu ni cha wote wawili. Ukisema umeandika upya, ni chako. Hapo ndipo mtu anapoona kwa nini ufafanuzi haukuwa mchezo.

Na je, vitabu vipya viliumaliza utata? Hata kidogo. Kanuni ya nani aanze, ile iliyomsumbua Perrin, sasa ilikuwa na kurasa zake. Kila upande unarusha dadu ya sita, mwenye kubwa anatangulia. Raundi ni dakika moja, imegawanywa vipande kumi vya sekunde sita. Hadi hapo sawa. Lakini mwenye upanga akimshambulia mchawi anayefanya uganga, unachukua kasi ya silaha na namba ya dadu iliyoshindwa, unatoa moja kutoka kwa nyingine, jibu likiwa hasi unalihesabu kuwa chanya, kisha unalilinganisha na muda wa uganga. Jamani! Miaka mingi baadaye mpenzi mmoja wa mchezo alikaa akaandaa waraka wa kurasa kama 20, uliojaa tanbihi, kueleza tu namna pambano la kitabu hicho linavyokwenda hatua kwa hatua. Kadiri maneno yalivyoongezwa kuziba nyufa, nyufa mpya zilipasuka kati ya maneno hayo.

Kichekesho ni kwamba kitabu hichohicho cha waamuzi cha 1979, kilichodai usawa, kinamruhusu mwamuzi kuyapuuza matokeo ya dadu pale anapoona hadithi inataka vingine. Mkono mmoja unafunga mlango, wa pili unafungua dirisha. Nadhani Gygax hakujipinga kwa bahati mbaya. Alikuwa amekaa kwenye meza nyingi kiasi cha kujua ambalo mtu wa bima analijua: jedwali ni zuri, ila siku ya ajali lazima atokee mtu wa kuliangalia gari lenyewe.

Mwenye kujibu maswali

Mwezi Novemba 1979 jarida la kampuni, Dragon, lilianzisha safu iitwayo Sage Advice, yaani ushauri wa mwenye hekima. Wa kwanza kuiandika alikuwa Jean Wells. Baadaye Skip Williams aliishika kwa miaka mingi. Msomaji anauliza, safu inajibu. Kwetu tungesema kampuni imejiwekea mufti wake. Mwaka 1967 Roland Barthes alikuwa ametangaza kwamba mwandishi amekufa na msomaji ndiye mwenye maana. Huku mwandishi alikuwa mzima wa afya, amekaa ofisini, anajibu barua.

Tusogee hadi toleo la tano, la mwaka 2014, lililoandikwa na watu waliokuwa na miaka arobaini ya makosa ya kujifunza. Lugha yake ni safi, na kanuni zake za dadu ni chache. Ukiwa na unafuu unarusha dadu mbili za nyuso 20 na kuchukua kubwa. Ukiwa na kikwazo, kwa mfano huoni unachokipiga, unarusha mbili na kuchukua ndogo. Kisha kuna kipaji cha hiari kiitwacho Lucky. Mwenye nacho, mara tatu kwa siku, anaweza kurusha dadu moja ya nyongeza, halafu anachagua ni dadu ipi kati ya zilizorushwa itumike.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho. Mhusika mwenye Lucky akiwa na kikwazo, mezani kuna dadu mbili za kikwazo na moja ya nyongeza. Anachagua kati ya zipi? Tuseme anahitaji 11 au zaidi. Kwa dadu moja ya kawaida nafasi yake ni asilimia 50. Kwa kikwazo ni 25. Kwa unafuu ni 75. Lakini akiruhusiwa kuchagua bora kati ya zote tatu, anafika asilimia 87.5. Ina maana shujaa huyu anapiga vizuri zaidi akiwa amefumba macho kuliko akiwa ameyafumbua na kupewa unafuu juu yake. Si kwamba sentensi ilikosa ufasaha. Kila neno liko mahali pake. Tatizo ni kwamba walioiandika walimwazia mtu mwenye dadu moja mkononi.

Swali likapelekwa kwa mwenye kujibu, ambaye sasa alikuwa Jeremy Crawford. Jibu rasmi likawa kama herufi zinavyosema: ndiyo, anachagua kati ya tatu. Meza nyingine zikaufurahia uamuzi huo, zikasimulia shujaa anayefumba macho na kuiachia bahati. Nyingine zikaukataa, zikasema hapa kwetu hapana. Na hadi hapo majibu mengi ya Crawford yalikuwa yakitolewa kwa sentensi mojamoja kwenye Twitter, yakaanza nayo kubishaniwa kana kwamba ni matini ya kanuni. Mwaka 2019 kampuni ikatangaza kwamba majibu ya huko si maamuzi rasmi. Rasmi ni yaliyokusanywa kwenye waraka wake. Ufafanuzi ulihitaji kufafanuliwa, na kikatolewa kingine cha kusema ufafanuzi upi ndio ufafanuzi.

Toleo la 2024 liliifuta ile sentensi. Sasa Lucky inakupa unafuu, basi. Na kwa kuwa unafuu na kikwazo hufutana, aliyefumba macho anarudi kwenye dadu yake moja na asilimia 50 zake. Hesabu imekaa sawa. Aliyekuwa amemjenga shujaa wake kipofu juu ya kanuni ya zamani, na kucheza naye miaka kadhaa, itabidi azungumze na mwamuzi wake.

Kilicho mezani

Nimesema mwanzoni kwamba swali ni nani mwenye haki ya kuisoma namba. Historia hii haimpi ushindi yeyote kati ya watatu, ila inaonyesha gharama ya kila jibu. Ukimpa meza haki yote, mgeni akija hajui kinachomngoja, na mwamuzi mwenye upendeleo anakuwa sultani; wanaodai kanuni zilizo wazi mara nyingi ni wale walioonewa na sultani huyo. Ukimpa mwandishi, unamfanya ajibu barua maisha yake yote kuhusu mambo ambayo hakuyawaza. Ukiipa kampuni, jibu la leo linaweza kubadilishwa kesho pamoja na bei ya kitabu.

Mimi naegemea meza, kwa sharti moja: ubishi ufanyike kabla ya dadu kurushwa. Mkikubaliana mapema kwamba sifuri mbili ni mia, kwamba askari anaongeza dadu moja wala hafuti namba ya zamani, basi namba itakayotoka ina nguvu juu ya wote, akiwamo mwamuzi. Ikishatoka ndipo mkaanza kuulizana maana yake, hapo mnabishania mnachokitaka, na kitabu kinakuwa kisingizio. Reisswitz alilielewa hilo, ndiyo maana alizichora dadu zake kabla ya vita kuanza. Verdy naye alilielewa lake: itafika saa ambapo mto, usiku na farasi waliochoka vitakutana kwa pamoja, ukurasa haupo, na watu wote mezani watageuka kumtazama mtu mmoja. Wakati huo kitu pekee kitakachosaidia ni kama walimwamini tangu mwanzo.